Iran na Marekani, au Tanzania na Uganda: mfano upi uwape vijana wa mdahalo?

Ubao ulikuwa umegawanywa kati kwa mstari wa chaki. Kushoto waliandika "Iran na Marekani", kulia "Tanzania na Uganda", na chini yake kura: 11 kwa 11. Kura iliyobaki ilikuwa yangu, na vijana walikuwa wamenyamaza kama watu wanaosubiri penati.

Nafundisha Historia kidato cha tano na cha sita hapa Arusha, na Jumamosi asubuhi nalea klabu ya mdahalo. Mada yetu ilikuwa hii: nchi mbili zenye uadui zilipoteza wapi nafasi ya kupatana? Mifano yote miwili nimeshaifundisha, na kila mmoja umeshaniaibisha mbele ya wanafunzi kwa namna yake. Kwa hiyo hapa haongei mtaalamu wa diplomasia. Ni mwalimu anamwambia mwalimu mwenzake, au mlezi wa kikundi cha vijana wa kanisani au msikitini: ukiwa na Jumamosi tatu tu, chukua upi?

Najua mtu wa Arusha ataniuliza kwanza mbona nakwenda mbali, wakati mkataba wa Rwanda wa Agosti 1993 na wa Burundi wa Agosti 2000 ilisainiwa hapa hapa mjini. Ni kweli. Lakini ile ilikuwa serikali na wapinzani wake ndani ya nchi moja. Mimi natafuta nchi mbili, kila moja na bendera yake, jeshi lake, na redio yake ya kumtukana jirani.

Kipimo: barua ya posa

Nilianza kwa vigezo vya vitabuni, mizani ya nguvu na maslahi ya taifa, darasa likasinzia. Kisha msichana mmoja wa kidato cha tano akanyoosha mkono: "Mwalimu, si ni kama posa tu?" Wenzake wakacheka. Mimi nikaandika ubaoni, na tangu siku ile sijatumia kipimo kingine.

Posa ina barua, ina mshenga, ina nyumba mbili. Barua ikikaa bila jibu, hilo nalo ni jibu. Mshenga asiyesikilizwa na mzee wa nyumba hurudi na maneno ya kwake mwenyewe. Na nyumba inayoamini kwamba wiki ijayo atakuja mchumba tajiri zaidi haifungui bahasha kabisa. Hilo la mwisho ndilo wanafunzi hulisahau, kwa sababu wanadhani fursa hupotea pale ambapo hakuna aliyenyoosha mkono. Mara nyingi mkono umenyooshwa, ila aliyenyooshewa siku hiyo anajiona ameshinda.

Iran na Marekani: barua nyingi, majibu machache

Chanzo cha ugomvi kipitie haraka. Mwaka 1953 majasusi wa Marekani na Uingereza walisaidia kumpindua Waziri Mkuu Mohammad Mossadegh. Novemba 1979 wanafunzi wa mapinduzi waliuteka ubalozi wa Marekani mjini Tehran, na Wamarekani 52 wakashikiliwa siku 444. Aprili 1980 uhusiano ukavunjwa. Julai 1988 manowari ya Marekani, USS Vincennes, ikaitungua ndege ya abiria ya Iran na kuua watu wote 290. Dakika kumi ubaoni zinatosha.

Halafu anza na mshenga aliyefaulu, maana vijana hudhani hawa wawili hawajawahi kuelewana hata siku moja. Algeria iliwaelewanisha. Wairani hawakutaka kukaa chumba kimoja na Wamarekani, basi Waalgeria wakabeba karatasi huku na huko hadi makubaliano ya Algiers ya 19 Januari 1981. Kesho yake mateka waliachiwa.

Fursa ya kwanza ya kuilia machozi ni Bonn, Ujerumani, Desemba 2001. Taliban wamefurushwa, Waafghani wanatafuta serikali ya mpito, na mazungumzo yamekwama kwa sababu Muungano wa Kaskazini, Waafghani waliokuwa wakipigana na Taliban, unataka wizara nyingi mno. Mjumbe wa Marekani ni James Dobbins, wa Iran ni Javad Zarif. Zarif akamvuta pembeni Younis Qanooni, mjumbe wa Muungano huo, akamnong'oneza jambo, na Qanooni akakubali kupunguza madai yake. Dobbins mwenyewe ndiye aliyekuja kulisimulia hilo. Mkataba ulisainiwa tarehe 5 Desemba. Siku 55 baadaye, 29 Januari 2002, Rais George W. Bush aliitaja Iran katika "mhimili wa uovu" pamoja na Iraq na Korea Kaskazini.

Usiwafiche vijana nusu ya pili. Mwanzoni mwa Januari hiyo Israel ilikamata meli ya Karine A katika Bahari ya Shamu ikiwa na shehena ya silaha, na ikasema zimetoka Iran kwenda kwa Wapalestina. Nyumba iliyotuma mshenga Bonn ndiyo hiyo hiyo iliyodaiwa kupakia meli. Mwambie mwanafunzi atetee upande wowote, atapata cha kusema.

Sasa ile karatasi ya 2003, ambayo kwangu ndiyo roho ya mfano huu. Tangu 1980 Uswisi ndiyo inayoshughulikia mambo ya Marekani mjini Tehran. Tarehe 4 Mei 2003 balozi wake, Tim Guldimann, alituma Washington kwa faksi pendekezo la Iran pamoja na barua yake ya maelezo. Ndani yake Iran ilikuwa tayari kuzungumzia uwazi wa mpango wake wa nyuklia, misaada yake kwa makundi ya Kipalestina, Hezbollah, kundi lenye silaha la Lebanon, kugeuka kuwa chama cha siasa tu, na mpango wa nchi za Kiarabu wa kuwa na mataifa mawili, Israel na Palestina. Ilichotaka ni vikwazo viondolewe na Marekani iache nia ya kuiangusha serikali yake. Guldimann aliandika kwamba ameambiwa kiongozi mkuu wa Iran anakubaliana na asilimia 85 hadi 90 ya yaliyomo.

Hapa huwa nasimamisha somo. Nawauliza: faksi imetumwa tarehe 4 Mei, tarehe 1 Mei kulikuwa na nini? Wenye simu hutafuta. Tarehe 1 Mei Bush alisimama kwenye manowari ya kubeba ndege, nyuma yake bango la kazi iliyokamilika, akatangaza kwamba mapigano makubwa Iraq yamekwisha. Baghdad ilikuwa imeanguka mwezi uliotangulia. Nani afungue bahasha ya jirani siku tatu baada ya sherehe kama ile?

Haikujibiwa. Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje wakati ule, alisema baadaye kwamba walishindwa kutenganisha maneno ya Wairani na maneno ya balozi wa Uswisi. Hoja hiyo si ya kupuuza: mshenga alikuwa ameongeza chumvi, au alikuwa ametumwa kweli? Lakini barua ya posa ukiitilia shaka unamtuma mtu akaulize. Marekani haikutuma mtu.

Ili ionekane si Marekani peke yake iliyofunga milango: Oktoba 2009 Iran ilipewa pendekezo la kupeleka nje kilo 1,200 za urani yake iliyorutubishwa kiasi kidogo na kupewa mafuta ya kinu chake cha utafiti cha Tehran. Wajumbe wake waliitikia mezani, waliporudi nyumbani wanasiasa wa pande zote wakalikataa. Mei 2010 Brazil na Uturuki zikaenda Tehran, zikarudi na sahihi kwa kilo zile zile 1,200. Rais Lula wa Brazil alikuwa na barua ya Obama ya mwezi Aprili inayotaja kiasi hicho hicho. Marekani ikasema haitoshi, kwa sababu akiba ya Iran ilikuwa imekua karibu mara mbili na tangu Februari ilikuwa ikirutubisha urani hadi asilimia 20. Tarehe 9 Juni Baraza la Usalama likapitisha vikwazo vipya. Washenga wameleta mahari iliyotajwa, wanaambiwa mahari imepanda. Chalii mmoja aliniambia, "Mwalimu, hiyo imetokea kwa kaka yangu." Sikuuliza zaidi.

Yaliyofuata yaeleze kwa ufupi, vinginevyo hutamaliza. Sultan Qaboos wa Oman aliwakutanisha kwa siri Muscat, na siri hiyo ndiyo iliyozaa mkataba wa nyuklia wa Vienna wa 14 Julai 2015. Rais Trump akajitoa tarehe 8 Mei 2018. Aprili 2025 Oman ikawa mshenga tena, duru ya sita ikapangwa Muscat tarehe 15 Juni. Tarehe 13 Israel ikaishambulia Iran, na tarehe 22 ndege za Marekani zikapiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan.

Na hapo ndipo mfano huu uliponiaibisha. Kila unapoufundisha kuna habari mpya ya asubuhi ile. Vijana huacha 2003, wakaingia kwenye simu zao, na ndani ya robo saa mdahalo umekuwa wa dini, wa Palestina, wa nani alimpiga nani jana. Mwaka mmoja wawili nusura washikane mashati.

Tanzania na Uganda: barua moja, halafu ukimya

Ugomvi huu una tarehe ya kuzaliwa, 25 Januari 1971, Idi Amin alipompindua Milton Obote aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere alikataa kumtambua Amin na akampa Obote hifadhi. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka kwetu, wakashindwa vibaya, na ndege za Amin zikapiga Bukoba na Mwanza.

Mshenga akawa Siad Barre wa Somalia. Mkataba wa Mogadishu wa 5 Oktoba 1972 ulitaka kila upande urudishe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani na usiwasaidie wanaompinga mwenzake. Ukiniuliza fursa iliyopotea iko wapi, naigusa hii kwa kidole. Ulizuia vita kubwa kwa miaka sita, na katika miaka hiyo hakuna aliyejenga chochote juu yake. Wakimbizi wa kisiasa wa Uganda waliendelea kuwapo Tanzania, Amin akaendelea kudai ardhi ya Kagera, na wakuu wawili hawakukaa meza moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hilo la meza nililionyesha kwa macho. Niliwapandisha daladala hadi AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano hapa Arusha, tukasimama nje ya geti. Lile jengo la mabawa matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, lilijengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1967. Chombo chake cha juu kilikuwa marais watatu, na baada ya mapinduzi ya Amin hawakukutana tena, kwa sababu Nyerere hakukubali kuketi naye. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa. Kifo kile kilikuwa na wauaji wengi, na Kenya na sisi tulikuwa na yetu mazito, usimwachie mwanafunzi amtwike Amin peke yake. Mlinzi alitoka kutuuliza kama tuna miadi. Tukasema hatuna, akatuelekeza tusogee, magari yanapita.

Barua za Amin nazo zilikuwepo, ila za aina gani! Mwaka 1972 alimpelekea Nyerere simu ya maandishi akisema anampenda, na kwamba Nyerere angekuwa mwanamke, yeye Amin angefikiria kumwoa, ingawa kichwa chake kimejaa mvi. Wakati wa vita alipendekeza wamalize ugomvi ulingoni kwa ngumi, Muhammad Ali awe refa. Darasa huanguka kwa kicheko. Wakitulia, uliza swali lenyewe: barua ya kweli ikija katikati ya rundo kama hilo, utaitambuaje? Faksi ya Guldimann ilikuwa na shaka kwa sababu haikujulikana nani ameiandika. Ya Amin ilijulikana wazi nani kaiandika, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi hadi Mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Katikati ya mwezi akasema anaondoa majeshi. Tanzania ikasema hakuna aliyeondoka. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, chini ya uenyekiti wa Nimeiry wa Sudan, ukataka pande zote zisitishe mapigano. Nyerere alitaka kwanza mvamizi akemewe kwa jina, na Umoja haukufanya hivyo. Mshenga anayewaambia "nyote mna makosa" wakati mmoja bado amekalia kitanda cha mwenzake hawezi kupewa kiti tena.

Machi 1979, tarehe 24 hadi 26, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi, wakaunda chama cha ukombozi cha UNLF na kumchagua Yusuf Lule. Wakati huo hakuna aliyekuwa akizungumzia kupatana na Amin. Moshi ilikuwa inapanga Uganda bila yeye. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili.

Mfano huu ulivyoniaibisha: vijana hawabishani. Mwaka wa kwanza upande wa "nafasi ilipotea" ulisimama, ukasoma karatasi yake, ukakaa. Kumkosoa Mwalimu Nyerere kuliwawia vigumu, na mimi nilikuwa sijawapa cha kushika. Niliporudi nao mwaka uliofuata niliwapa gharama: wakimbizi wa Kagera, vijana wasiorudi, na ile miezi 18 ya kufunga mkanda ambayo Mwalimu aliiomba na ikazidi sana, na foleni za sukari na sabuni ambazo bibi zao wanazikumbuka. Hapo ndipo mtu anaweza kuuliza kwa heshima kabisa: Mogadishu 1972 haikuweza kupaliliwa? Wape na hili pia: Nyerere aliyekataa meza ya Amin ndiye aliyekuja kuwa mshenga wa Warundi hapa Arusha, hadi alipofariki Oktoba 1999 na Mandela akaipokea kazi. Alijua kukaa na maadui. Kwa nini si na yule?

Ubavu kwa ubavu

Kwa nyaraka, Iran na Marekani inashinda, tena kwa mbali. Karatasi zipo, tarehe zipo, waliokuwa mezani wameandika na kuhojiwa. Tatizo ni kwamba karibu zote ziko kwa Kiingereza, na utatumia Ijumaa usiku kuzitafsiri na kupiga fotokopi. Ya Kagera vijana wataipata kwa Kiswahili, mdomoni mwa watu.

Kwa washenga, Iran na Marekani pia ni tajiri: Algeria, Uswisi, Brazil na Uturuki, Oman. Unaweza kulinganisha mshenga na mshenga ndani ya mfano mmoja, kwa nini Oman ilisikilizwa na Brazil ikapuuzwa. Jibu langu ni kwamba Oman ilitumwa na nyumba zote mbili kimyakimya, Brazil ilikwenda na kamera.

Kwa swali gumu, Kagera iko juu. Kwa Iran na Marekani ubishi ni kwa nini fursa ilipotea. Kwa Kagera ubishi ni kama ilikuwepo, na hapo mwanafunzi hana pa kujificha nyuma ya tarehe.

Kwa hiyo ukiwa na kundi la kidato cha sita linalosoma vizuri na unaweza kuwanyang'anya simu mlangoni, chukua Iran na Marekani, na usivuke 2010. Faksi na kilo 1,200 zinatosha Jumamosi tatu. Ukiwa na kundi changanyifu, wengine kidato cha tatu, wengine wamemaliza shule na wanaendesha bodaboda, chukua Kagera, lakini usiingie darasani bila mtu aliyeiona.

Mimi ninaye mmoja, mzee wa Majengo, Moshi, aliyekwenda vitani na mgambo akiwa na miaka 21. Mara ya kwanza alikuja kwa basi la asubuhi, vijana wakamwamkia shikamoo kwa pamoja kama chekechea, naye akatoa mfukoni kijiko cha aluminiamu chenye tundu kwenye mpini. Tundu lilikuwa la kamba, ya kukifunga kiunoni. Alikula nacho kutoka Kyaka hadi Masaka.

"Mnaniuliza kama tungezungumza," alisema. "Mimi niliambiwa nipande lori."

Binti mmoja hakumwachia. "Babu, Amin angeondoka kweli ile Novemba, si mngerudi nyumbani?"

Mzee alikizungusha kijiko. "Daraja lilikuwa ndani ya mto, mjukuu wangu. Angeondoka, angerudi." Kisha, baada ya muda ambao hata mimi niliangalia saa: "Lakini rafiki zangu wawili wangekuwepo."

Jumamosi ile ya 11 kwa 11 nilipiga kura yangu kulia. Mzee alikuwa amenipigia Alhamisi kwamba yuko Moshi hadi mwisho wa mwezi tu, baada ya hapo anakwenda Dar kwa mwanawe kutibiwa macho. Faksi ya Uswisi itakuwepo mwakani.